Jenereta isiyotumia mafuta, na hoja ya "hata wenzake walichekwa"

Swali: Kaka yangu ameonyeshwa jenereta "isiyotumia mafuta". Mota inazungusha gurudumu zito la chuma, gurudumu linazungusha alteneta (kifaa kinachogeuza mzunguko kuwa umeme), alteneta inarudisha umeme kwenye mota, na unaobaki unawasha taa. Anataka kuweka akiba yake yote humo. Nilipomwambia haiwezekani, akanijibu kwamba hata ndege walisema haitaruka, na daktari aliyewaambia wenzake wanawe mikono alidharauliwa mpaka akafa. Nikakosa la kusema. Nimjibu nini? Na mtu ambaye si mhandisi wala daktari atajuaje dai lipi la kuamini?

Jibu: Hoja ya kaka yako ni nzito kuliko mashine anayoitetea, kwa hiyo nianze na mashine, ambayo haitatuchukua muda, kisha nije kwa hao waliochekwa.

Chukua kalamu tupige hesabu. Mota nzuri ya kazi ndogondogo hugeuza kama asilimia 90 ya umeme inaolishwa kuwa mzunguko. Iliyobaki inaishia kwenye joto, ndiyo maana ukiigusa baada ya muda unaikuta ya moto. Mkanda nao unateleza na kujikunja, tuseme unavusha asilimia 95. Alteneta tuipendelee tu, tuipe 90. Ingiza wati 1000 kwenye mota: shafti inapata 900, ng'ambo ya mkanda zinafika 855, na kwenye nyaya za alteneta zinatoka kama 770. Hizo 770 ndizo zinazotegemewa zirudi kuendesha mota iliyokuwa ikila 1000, na bado zibaki za kuwashia taa. Ukizirudisha zote bila kuwasha hata taa moja, raundi inayofuata inatoa kama 590, inayofuata 455, na kuendelea hivyo mpaka kimya. Kaka anaweza kubishana na tarakimu zangu, akasema mota yake ni ya asilimia 95. Sawa, tumpe. Ili mashine ijiendeshe yenyewe bila taa, kila kifaa katika mnyororo huo lazima kifikishe asilimia 100 kamili. Ili iwashe taa, angalau kimoja lazima kipite 100. Hakuna mota, mkanda wala alteneta iliyowahi kufika hapo.

Wengi huweka matumaini yao kwenye gurudumu, kwa sababu ni zito na likishika kasi linatisha. Gurudumu linatunza nishati uliyolipa, basi. Na hapa ndipo penye siri ya video nyingi. Diski ya chuma ya kilo 50, yenye nusu kipenyo cha sentimita 25, ikizunguka mara 1500 kwa dakika, inabeba kama jouli 19,000. Nishati hiyo ingewasha balbu ya wati 100 kwa dakika tatu na ushei. Ukitumia balbu ya LED ya wati 10, msuguano ukiwa mdogo, unapata karibu nusu saa. Sasa fikiria onyesho lenyewe: mwenye mashine anaianzisha kwa betri au kwa soketi, gurudumu linapata kasi, anachomoa waya mbele ya kamera, balbu za LED zinaendelea kuwaka, watu wanapiga makofi, video inaisha dakika ya nne. Hakuna aliyedanganya kuhusu alichokionyesha. Kilichofichwa ni dakika ya arobaini.

Kuna pia wanaodanganya waziwazi, na hao wana historia ndefu. Mwaka 1813 Charles Redheffer alikuwa New York akitoza watu kiingilio kuona mashine yake inayojizungusha milele. Robert Fulton, mhandisi anayejulikana kwa meli za mvuke, alikwenda kuitazama na kilichomshtua ni mwendo wake: gurudumu lilikuwa likiharakisha na kupunguza kidogo katika kila mzunguko, jinsi linavyokwenda gurudumu linalozungushwa na mkono wa mtu. Akang'oa vibao vilivyounganisha mashine na ukuta, akakuta uzi wa utumbo umepenya ukutani kwenda chumba cha juu. Huko walimkuta mzee ameketi, mkono mmoja unazungusha mpini, mwingine umeshika mkate anautafuna. Baadaye akaja John Keely wa Philadelphia, ambaye tangu miaka ya 1870 hadi kifo chake mwaka 1898 alichangisha fedha za wawekezaji kwa mota iliyodaiwa kuendeshwa na nguvu mpya ya asili. Alipofariki, jengo lake lilipochunguzwa, chini ya sakafu palikuwa na tufe kubwa la chuma la kuhifadhia hewa iliyoshindiliwa.

Miaka mingi kabla ya hao wawili, mwaka 1775, Akademia ya Sayansi ya Paris ilikwisha tangaza kwamba haitachunguza tena mashine za mwendo wa milele. Moja ya sababu walizotoa ilikuwa kwamba kazi hiyo ilikuwa imefilisi zaidi ya familia moja. Hiyo msomee kaka.

Sasa tuje kwa waliochekwa. Hoja yake inasema: wataalamu walimkataa fulani, fulani akawa sahihi, wataalamu wanaikataa mashine yangu, basi mashine yangu ni sahihi. Ukiisikiliza haraka inaingia akilini, lakini kuna watu wengi tu waliochekwa na wakawa hawana kitu kweli. Redheffer alichekwa, Keely alichekwa. Hatuwasimulii sana kwa sababu hakuna kilichotokana nao. Kwa hiyo kuchekwa peke yake hakutuambii lolote. Cha kutazama ni aliyechekwa alikuwa ameshika nini mkononi.

Chukua ndege. Ni kweli, Simon Newcomb, mwanafalaki mkubwa wa Marekani, aliandika mwaka 1903 akitilia shaka uwezekano wa kuruka kwa mashine, na tarehe 17 Desemba mwaka huohuo ndugu Wright wakaruka. Mara ya kwanza ilikuwa sekunde 12, kama mita 36. Lakini hakuna kanuni ya maumbile iliyokuwa ikizuia kitu kizito kuliko hewa kisiruke. Tai ni mzito kuliko hewa na kila mtu alikuwa akimwona. Swali lilikuwa la uhandisi: injini nyepesi vya kutosha, umbo la bawa, namna ya kukiongoza chombo. Na shaka ilipobaki, hasa Ufaransa ambako walikuwa wakiitwa waongo, Wilbur Wright alipeleka ndege yake karibu na Le Mans, na tarehe 8 Agosti 1908 akaruka mbele ya watu kwa muda usiofika dakika mbili, akizunguka uwanja. Waliokuwa wakimkejeli wakakiri hadharani. Hakuwaomba waamini kwanza.

Huyo daktari ni Ignaz Semmelweis wa Vienna, na kaka yako anasema kweli kwamba alitendewa vibaya. Alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1865. Hospitali aliyofanya kazi ilikuwa na wodi mbili za uzazi. Moja ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, waliokuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Nyingine ilikuwa ya wakunga. Katika wodi ya madaktari, Aprili 1847, karibu wanawake 18 kati ya kila 100 walikufa. Katikati ya Mei akawalazimisha wote wanawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini, na kuanzia Juni vifo vikawa karibu 2 kati ya 100. Hakuweza kueleza vizuri kwa nini, maana nadharia ya vijidudu haikuwapo bado, na alichelewa mno kuchapisha kitabu chake. Hata hivyo alikuwa na daftari la vifo la hospitali yenyewe, lililoandikwa na watu wengine, ambalo yeyote angeweza kulifungua na kujumlisha. Aliyempinga alibaki na mzigo wa kueleza zile tarakimu. Mwenye jenereta hajaweka mezani tarakimu yoyote inayomlazimu mtu kujieleza. Ana video.

Ukitaka mfano wa karibu zaidi, yupo Barry Marshall wa Australia. Yeye na Robin Warren walisema vidonda vya tumbo vingi vinaletwa na bakteria, wakati vitabu vilisema ni asidi na msongo wa mawazo. Mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao, akapata uvimbe wa tumbo, akauthibitisha kwa vipimo. Wengine wakarudia utafiti, matokeo yakawa yaleyale, na mwaka 1994 jopo la Taasisi za Taifa za Afya za Marekani likapendekeza antibiotiki kwa wagonjwa wa vidonda wenye bakteria huyo. Nobel ikaja 2005. Miaka kumi kutoka kudharauliwa hadi kuwa tiba ya kawaida. Kwa mtu anayesubiri ni mingi, lakini mlango ulifunguka, na ulifunguliwa na wengine waliorudia kazi ile wakapata kilekile.

Labda kilicho bora kuliko yote ni kutazama watu waadilifu wanafanya nini wanapopata jibu lisilowezekana. Septemba 2011 watafiti wa jaribio la OPERA walitangaza kwamba chembe zinazoitwa nyutrino, zilizotumwa kutoka CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya iliyoko Geneva, hadi Gran Sasso nchini Italia, umbali wa kama kilomita 730, zilifika nanosekunde 60 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde) kabla ya wakati ambao mwanga ungefika, ilhali fizikia inasema hakuna kinachoushinda mwanga kwa kasi. Wakasema: tumetafuta kosa hatujaliona, tusaidieni kulitafuta. Miezi michache baadaye likapatikana, na kubwa lilikuwa kiungo cha kebo ya nyuzi za mwanga ambacho hakikukazwa vizuri. Hakuna aliyeuza hisa za nyutrino katika kipindi hicho. Mlinganishe na mtu ambaye ukimuuliza swali la tatu anakuambia una wivu.

Umeuliza pia kuhusu dai kwa ujumla, na hapa nina jambo ambalo wapenda shaka wengi hawalitenganishi. Katika mashine, hesabu ya nishati inatosha kukataa. Sihitaji kuifungua jenereta ya kaka. Katika dawa mambo yanageuka: nadharia inayoeleweka vizuri haitoshi kukubali. Mwili una njia nyingi za kukushangaza.

Mfano ninaoupenda, ingawa ni wa kusikitisha, ni wa dawa za mapigo ya moyo. Ilijulikana kwamba mtu aliyenusurika mshtuko wa moyo, akiwa na mapigo ya ziada yasiyo na mpangilio, yuko kwenye hatari zaidi ya kufa ghafla. Zikawapo dawa zilizoyatuliza mapigo hayo, na kipimo cha moyo kilionyesha wazi kwamba yanapungua. Madaktari wazuri waliziandika kwa nia njema. Jaribio lililoitwa CAST likawagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine dawa, wengine kidonge tupu, na mwaka 1989 sehemu ya dawa mbili, encainide na flecainide, ikabidi isimamishwe. Waliokuwa wakipewa dawa walikuwa wakifa zaidi. Kipimo kilipendeza, mgonjwa akafa. Kwa hiyo mtu akikuambia dawa yake "inaua seli za saratani" au "inasafisha damu", muulize wagonjwa wangapi waliipata, wangapi waliofanana nao hawakuipata, na nani alikuwa hai mwishoni. Akikujibu kwa ushuhuda wa mtu aliyepona mgongo, kumbuka mgongo huwa unauma na kuachia, na watu hununua dawa siku unapouma zaidi. Kesho yake ingekuwa nafuu kwa vyovyote.

Kuna aina ya tatu, katikati: madai yasiyovunja kanuni yoyote kubwa ila yanahitaji uthibitisho ambao hautolewi. Kampuni ya Theranos ilidai kufanya vipimo vingi vya maabara kwa matone machache ya damu ya kidole. Si jambo la kukataa kwa kalamu tu, ingawa yeyote aliyefanya kazi maabara alijua matatizo: damu ya kidole huchanganyika na majimaji ya ngozi, na katika tone dogo baadhi ya vitu unavyovitafuta vinakuwa haba mno. Dawa ya hofu hiyo ilikuwa rahisi: pima damu ya mtu yuleyule kwa mashine yako na kwa maabara ya kawaida, chapisha matokeo. Hawakufanya hivyo kwa uwazi. Mwaka 2015 gazeti la Wall Street Journal likafichua kwamba vipimo vingi vilikuwa vikifanyika kwa mashine za kawaida za watengenezaji wengine, na Januari 2022 mwanzilishi Elizabeth Holmes akapatikana na hatia ya kuwalaghai wawekezaji. Katika bodi yake walikaa Henry Kissinger na George Shultz, wote waliowahi kuwa mawaziri wa mambo ya nje wa Marekani. Kaka akikuambia kwamba hata mheshimiwa fulani ameweka fedha kwenye jenereta, mkumbushe bodi ile.

Nisije nikakupa rungu la kupigia kila kitu. Zipo pampu za joto zinazokula uniti moja ya umeme na kuingiza ndani ya nyumba uniti tatu za joto. Mtu aliyekariri "huwezi kupata zaidi ya ulichotoa" ataita utapeli, naye atakuwa amekosea, kwa sababu pampu ile haitengenezi hilo joto. Inalihamisha kutoka hewa ya nje, kama friji inavyotoa joto ndani na kulimwaga nyuma yake. Unaweza kupima joto lililotoka nje na hesabu ikafunga. Kwa jenereta ya kaka hakuna pa kupima. Ukimuuliza mwenyewe nishati ya ziada inatoka wapi, atasema kwenye gurudumu, au sumaku, au mvutano wa dunia. Mvutano wa dunia unakupa nishati kitu kikishuka, na unakudai ileile ukikipandisha.

Kuhusu kumwambia kaka: ni mkubwa wako, na amekwisha kuipenda mashine. Ukimwita mjinga atawekeza ili akukomoe. Na usimwambie mwenye mashine ni tapeli, maana pengine anaamini kwa dhati. Wapo askari nchini Iraki waliosimama vizuizini na kifaa kiitwacho ADE 651, antena iliyofungwa kwenye mpini wa plastiki bila betri, wakiamini kinanusa mabomu. Kilikuwa kinayumba kwa kuinamishwa kidogo na mkono wa aliyekishika, bila mwenyewe kujua. Muuzaji, James McCormick, alifungwa miaka 10 Uingereza mwaka 2013. Jaribio la kukiumbua lingechukua asubuhi moja: ficha baruti katika sanduku moja kati ya kumi, mshika kifaa asijue ni lipi, rudia mara ishirini.

Mpe kaka jaribio kama hilo, na aliombe yeye mwenyewe kama mwekezaji anayelinda fedha zake. Mashine itolewe nje ya jengo la mwenyewe na kuwekwa juu ya matofali, ili mtu aone chini yake na kila upande. Mzigo alete kaka: kama wanadai inatoa kilowati moja, alete hita ya wati 1000, si balbu za LED. Mita ya kupimia iwe yake. Na iendeshwe saa 24 mfululizo pasipo kuachwa bila mtu. Muda ndio wenye kazi hapa. Kilowati moja kwa saa 24 ni uniti 24. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 60 ina uniti 0.72, kwa hiyo kuidanganya hita hiyo kungehitaji betri zaidi ya 33 zilizofichwa ndani ya fremu. Hata za lithiamu, ambazo ni nyepesi zaidi, zingekaribia au kupita kilo 100.

Atasikia visingizio, na vizuri avijue mapema. Watasema siri ya uvumbuzi itaibiwa. Jaribio hili halifungui hata skrubu moja. Watasema ina hataza. Hataza inalinda wazo dhidi ya kuigwa, haimhakikishii mnunuzi kwamba kitu kinafanya kazi. Watasema hita ni mzigo mkubwa kwa modeli hii ndogo. Basi watoe tarakimu wanayoiahidi, hata wati 200, na hesabu ya betri irudiwe kwa tarakimu hiyo, siku zikiongezwa ziwe tano. Watasema amana ilipwe kwanza. Hapo kaka asimame.

Mashine ikimaliza hizo saa 24 ikiwa juu ya matofali na hita ikiwa bado ya moto, niandikie tena kabla kaka hajatoa fedha, nami nitakuja na mita yangu.